Kisukari Chako Si Kisukari Changu: Cha Kuchukua na Cha Kuacha kwa Wagonjwa Wenzako

Wakikaa pamoja watu watano wenye kisukari, haipiti nusu saa kabla mmoja hajasema ameacha dawa na yuko salama. Wa pili ataapa kwamba sindano za insulini ndizo zilizommaliza mjomba wake. Wa tatu atauliza kwa nini yeye anajinyima kila kitu lakini sukari ya asubuhi bado iko juu. Wote wanasimulia walichokiona kwa macho yao. Ila jina hili moja, kisukari, limebeba magonjwa zaidi ya moja, na ushauri uliomsaidia huyu unaweza kumlaza yule hospitalini kabla wiki haijaisha.

Siandiki haya ili kuwatenga watu na wagonjwa wenzao. Nina imani kubwa na msaada wa wenzetu, tena kubwa kuliko walio nayo madaktari wengi. Mtu mwenye kisukari huonana na daktari au muuguzi saa chache tu kwa mwaka. Siku zote zilizobaki ni yeye anayeamua ale nini, atembee kiasi gani, ajipime lini, na afanye nini mikono ikianza kutetemeka. Katika siku hizo, anayejua njia vizuri ni mwenzake aliyetangulia. Lakini msaada huo huzaa matunda pale tu kila mmoja anapojua kisukari alichonacho ni kipi.

Hodi isiyopigwa na hodi isiyosikika

Kisukari ni hali ya sukari kuzidi katika damu, ama kwa sababu mwili hauna insulini ya kutosha, ama kwa sababu insulini iliyopo haifanyi kazi inavyotakiwa. Sukari ya damu, yaani glukosi, si sumu. Ni nishati ya ubongo na misuli. Hutoka kwenye vyakula vya wanga, na pia hutengenezwa na ini tunapokuwa hatujala. Insulini ni homoni inayotolewa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, na kazi yake ni kuzipigia hodi seli ili zifungue mlango sukari iingie.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, mpiga hodi hayupo. Kinga ya mwili, ambayo ingepaswa kupambana na vijidudu, imezigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziangamiza. Sukari inajazana nje huku ndani ya seli kuna njaa. Mgonjwa anakonda, ana kiu isiyokatika, anakojoa mara kwa mara, na asipopewa insulini hawezi kuishi. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, ingawa mtu mzima naye anaweza kuupata. Hausababishwi na pipi wala na uzembe wa mzazi, na inaniuma kuona mama wa mtoto mwenye aina ya kwanza akihojiwa na jamaa alimlisha nini.

Katika aina ya pili, hodi inapigwa lakini walio ndani wamekuwa wazito wa kusikia. Kongosho linaongeza insulini, linapaza sauti kwa miaka mingi bila mwenyewe kujua, mpaka nalo linaanza kuchoka. Zaidi ya tisa katika kila wagonjwa kumi wana aina hii. Urithi una sehemu yake, na umri, na mafuta ya tumboni, na maisha ya kukaa sana bila kutembea.

Kipo pia kisukari cha ujauzito, ambacho kwa kawaida huondoka baada ya kujifungua lakini humwacha mama katika hatari zaidi ya kupata aina ya pili baadaye, kwa hiyo asiache kupimwa. Na wapo watu wazima wanaoambiwa wana aina ya pili, vidonge vikawasaidia kwa muda kisha vikashindwa haraka, ndipo ikagundulika kwamba kinga ya mwili ilikuwa ikilila kongosho polepole. Mtu mwembamba ambaye vidonge vimemkatalia mapema ana haki ya kumuuliza daktari juu ya jambo hilo.

“Mimi niliacha dawa”

Huenda mwenzako anayesema hivyo hadanganyi. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio liitwalo DiRECT. Washiriki waliachishwa chakula cha kawaida, wakapewa supu na vinywaji maalumu vyenye kalori 850 hivi kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, na dawa zao za kisukari zikasimamishwa chini ya uangalizi. Ulipotimia mwaka, asilimia 46 yao walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86.

Lakini tazama ni akina nani hao. Wote walikuwa na aina ya pili, wote walikuwa na uzito uliozidi, hakuna aliyekuwa na kisukari kwa zaidi ya miaka sita, na hakuna aliyekuwa akitumia insulini. Hata miongoni mwao, baada ya miaka miwili waliobaki katika hali hiyo walikuwa asilimia 36. Wataalamu husema kisukari kimetulia, hawasemi kimepona, kwa kuwa uzito ukirudi nacho hurudi. Aliyetulia huendelea kupimwa kila mwaka.

Sasa chukua simulizi hiyohiyo uipeleke kwa kijana mwenye aina ya kwanza, aliyechoshwa na sindano na anayetafuta tumaini popote. Akiacha insulini, ndani ya siku moja au mbili mwili wake huanza kuunguza mafuta bila kipimo, na damu hujaa tindikali ziitwazo ketoni. Anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa kina na kwa kasi, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, kisha anapoteza fahamu. Aliyemshauri hakuwa na nia mbaya. Hakuuliza tu swali ambalo naona lingepaswa kutangulia kila ushauri kati ya wagonjwa: “Wewe una aina gani, na unatumia dawa gani?”

Namba zinazogombanisha watu

Hakuna kinachozua mabishano kama namba za mashine. Mmoja anasema yuko 7, mwingine anasema 126, wa tatu anashtuka. Hao wawili wamesema kitu kilekile. Mashine nyingine hupima kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita, na ukizidisha ya kwanza kwa 18 unapata ya pili. Namba hiyo ndiyo pia mpaka wa kisukari kwa mtu aliyepimwa maabara asubuhi kabla ya kula: 7.0 au zaidi, ikithibitishwa na kipimo kingine.

Mashine ya nyumbani nayo si mizani ya dhahabu. Viwango vya kimataifa vinairuhusu kupishana na maabara kwa asilimia 15 hivi. Maabara ikisema 10, mashine yako inaweza kusoma 8.5 au 11.5 na bado ikahesabiwa nzima. Kwa hiyo usikeshe ukitafuta kwa nini jana ulikuwa 8.2 na leo 8.7. Kilicho cha maana ni mwelekeo wa siku nyingi, na namba zilizo juu mno au chini mno.

Nalitazama kwa uzito swali la sukari ya asubuhi, kwa sababu limevunja moyo watu wengi na hata kuleta tuhuma ndani ya nyumba. Mtu amelala na 6.5, hajatia kitu kinywani usiku kucha, anaamka na 9. Mwenzi wake anamtazama kwa jicho la “ulikula nini usiku?” Hakula. Kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni za kuuamsha, na homoni hizo huliamuru ini kumwaga sukari. Asiye na kisukari huongeza insulini mara moja na mambo yakaisha. Mwenye kisukari hana akiba hiyo, sukari inapanda. Dawa iliyomezwa au kuchomwa jioni inaweza kuhitaji kurekebishwa, na hilo ni la kuzungumza kliniki ukiwa na daftari lako la vipimo. Kujilaumu hakutashusha hata nukta moja. Homa, maambukizi, usingizi mbovu na dawa za jamii ya steroidi nazo hupandisha sukari kwa mtu aliyefuata kila alichoambiwa.

Kisha kuna kipimo cha miezi mitatu, kiitwacho HbA1c. Sukari iliyo katika damu hujibandika kwenye himoglobini ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi takriban siku 120, kwa hiyo kipimo hiki hueleza wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Asilimia 7 ni sawa na wastani wa milimoli 8.6 hivi. Huwezi kukidanganya kwa kujinyima siku tatu kabla ya kliniki, jambo ambalo watu wengi hulifanya kwa kuogopa kugombezwa. Lakini chenyewe kinaweza kukosea kwa mwenye selimundu, mwenye upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni.

Lengo nalo hutofautiana. Watu wazima wengi hulenga chini ya asilimia 7. Mjamzito hubanwa zaidi. Mzee anayeishi peke yake na ambaye sukari yake hushuka ghafla huachiwa nafasi pana zaidi, na hiyo ni busara ya daktari, wala hajakata tamaa naye. Kushindanisha HbA1c katika kikundi ni kushindanisha watu waliopewa mitihani tofauti.

Sukari ikishuka

Hapa ndipo tofauti ya dawa inapoonekana wazi. Anayetumia vidonge vya metformini peke yake mara chache sana sukari yake hushuka kupita kiasi. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho kama glibenklamidi na glimepiridi, anaweza kushuka akiruka mlo, akifanya kazi nzito, au akizidisha dozi. Mmoja akisoma 4.5 kabla ya safari ndefu anaweza kuondoka kwa amani. Mwingine mwenye namba hiyohiyo anapaswa kula kwanza.

Chini ya milimoli 4 ni kushuka. Jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, maneno kuchanganyika. Meza gramu 15 za sukari ya haraka: kijiko kikubwa kimoja cha sukari au asali, au nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Ukishapanda, kula kitu cha kukushikiza mpaka mlo ujao. Aliyezimia asipewe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na msaada uitwe haraka.

Haya yote yameandikwa kwenye vipeperushi. Kisichoandikwa ni kwamba mtu akishuka huwa mbishi, hukataa kwamba ameshuka, na mara nyingi anayemtambua kwanza ni mwenye kisukari mwenzake, kwa kuwa amewahi kuwa hapo. Waambie unaofanya nao kazi dalili zako zikoje. Wanaokaa kimya kwa kuona haya hudhaniwa wamelewa.

Wanachojua waliotangulia

Ukitaka kuona thamani ya mgonjwa anayemfundisha mwenzake, anza na mashine uliyonayo mkononi. Mwaka 1969, Richard Bernstein, mhandisi wa Marekani aliyekuwa na aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 12, aliona tangazo la kifaa kipya cha kupima sukari. Kilikusudiwa kwa hospitali, ili usiku wahudumu waweze kumtofautisha mlevi na mgonjwa wa kisukari aliyezimia. Wagonjwa hawakuuziwa. Mke wake alikuwa daktari, kikanunuliwa kwa jina lake. Bernstein akaanza kujipima mara kadhaa kwa siku, akabadilisha dozi na milo kufuatana na alichokiona, na afya yake ikageuka. Alipojaribu kuyachapisha, majarida ya kitabibu yalimkataa, maana hakuwa daktari. Akaingia chuo cha udaktari akiwa amepita miaka 40. Leo kujipima nyumbani ni jambo ambalo kliniki yenyewe inakuagiza.

Kabla yake alikuwapo Robin Lawrence, daktari kijana wa Uskoti aliyegunduliwa na kisukari mwaka 1920, wakati ambapo aina ya kwanza ilikuwa hukumu ya kifo. Alikwenda Florence, Italia, akitarajia kufia huko. Insulini ilikuwa imetumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza Toronto, Kanada, Januari 1922, na mwaka 1923 Lawrence alipata habari kwamba imefika London. Akarudi akiwa taabani, akachomwa, akaishi hadi 1968. Mwaka 1934 yeye na mwandishi H. G. Wells, ambaye pia alikuwa na kisukari, walianzisha chama cha wagonjwa ambacho leo kinaitwa Diabetes UK. Mtu aliyejua kitaalamu kila kitu kuhusu ugonjwa wake bado aliona wagonjwa wanahitajiana.

Na kweli kuna mambo ambayo hupitishwa kwa mdomo tu. Unapojipima, toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, siyo katikati, maumivu yatapungua. Nawa mikono kwanza, kwani utomvu wa tunda uliobaki kidoleni hupandisha namba bure. Badilisha mahali pa kuchoma sindano, maana ukirudia palepale panafanya uvimbe na insulini haipenyi sawasawa. Insulini usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa, na ikiganda kwa baridi itupe. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, kwa kuwa mguu uliokufa ganzi hausikii kokoto. Daktari anayajua haya, ila dakika zake ni chache, na anayeyafanya kila siku huyaeleza vizuri zaidi.

Kuna kingine kikubwa kuliko mbinu, nacho ni uchovu wa moyo. Kisukari hakina likizo. Mtu anaweza kuvumilia miaka kadhaa kisha siku moja akaacha kujipima, si kwa ujinga bali kwa kuchoka kuhukumiwa na namba. Wa nyumbani, kwa upendo wao, huwa askari wa sahani: “hicho usile.” Mwenzako mwenye kisukari haulizi umekula nini. Anakuuliza unaendeleaje, na jibu lako hulielewa bila kuelezwa.

Hili limepimwa pia. Mwaka 2012 zilichapishwa taarifa za utafiti uliofanywa Philadelphia kwa waliowahi kuwa askari wa Marekani, Wamarekani weusi ambao sukari yao ilikuwa juu kwa muda mrefu. Kundi moja liliahidiwa fedha wakishusha HbA1c. Kundi jingine kila mtu alipewa mwenzake, mgonjwa ambaye zamani sukari ilimshinda na sasa ameidhibiti, wawe wanazungumza kwa simu kila wiki. Baada ya miezi sita waliopewa mwenza walishuka kutoka wastani wa asilimia 9.8 hadi 8.7. Walioahidiwa fedha walishuka kidogo tu, na wasiopewa chochote walibaki karibu palepale.

Hofu ya sindano, na mengine

Uzushi unaozunguka zaidi ni kwamba insulini ni hatua ya mwisho, na ukishaanza umekwisha. Unatokana na watu kuona ndugu zao wakianza insulini na baada ya muda mfupi wakapoteza figo au mguu. Wengi wa ndugu hao walikuwa wameikwepa kwa miaka, sukari ikiwaharibu kimyakimya, na ilipoanzishwa madhara yalikuwa yameshaingia. Katika aina ya pili kongosho hudhoofika kadiri miaka inavyokwenda, hata kwa aliyetii kila agizo. Kuongezewa insulini ni kurudishiwa kilichopungua. Hailevyi wala haileti uraibu, na wengine, kama walioianza wakati wa upasuaji au maradhi makali, huja kuiacha daktari akiridhika.

Kwamba kula sukari ndiko kunakoleta kisukari ni nusu ya habari. Vinywaji vyenye sukari nyingi huongeza hatari ya aina ya pili, hasa kwa kuongeza uzito, lakini aina ya kwanza havihusiani nayo. Na kuacha sukari ya chai huku sahani imejaa wanga hakusaidii sana, kwani wanga wote huishia kuwa glukosi. Matunda hayakatazwi. Yatafunwe, yasikamuliwe, tena kwa kiasi. Ama miti shamba inayouzwa kwa ahadi ya kuponya kabisa, anayeitumia amweleze daktari wake bila woga, kwa sababu baadhi hushusha sukari kweli na zikichanganyika na vidonge humwangusha mtu.

Kikundi cha kukaa nacho

Iwe mnakutana ana kwa ana au kwenye simu, angalieni kama watu wanataja aina ya kisukari chao kabla ya kushauri, kama aliyepandisha sukari anaweza kusema bila kuchekwa, na kama hakuna anayewauzia kitu. Swali la “wewe ulizoeaje kujichoma mbele za watu?” ni la wenzako. Swali la “niongeze uniti ngapi?” ni la kliniki, hata kama mwenye kukujibu ana kisukari cha miaka thelathini, kwa maana miaka hiyo ni ya mwili wake.

Na kuna ujumbe ambao haustahili kujibiwa kwa mjadala. Mwenzenu akisema anatapika na sukari haishuki, anapumua kwa shida, kidonda cha mguu kimebadilika rangi au kinanuka, macho yameona giza ghafla, au amekula sukari mara mbili na bado yuko chini ya 4, asipewe dawa ya jirani wala asiambiwe asubiri kesho. Mpigieni simu, muulizeni yuko wapi na nani yuko naye, na mhakikishe amepata wa kumfikisha hospitali usiku huohuo. Mwenye aina ya kwanza mkumbusheni njiani kwamba hata kama hajala kitu siku nzima, insulini ya msingi, ile inayofanya kazi polepole mchana na usiku, haiachwi.